Hiyo tyubu si dawa ya Marekani

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Bukavu. Naandika juu ya hizi tyubu zinazozungushwa sokoni, wauzaji wanasema ndiyo ile dawa mpya ya Marekani ya watoto ambao ngozi inatoa malengelenge kila ikisuguliwa, ugonjwa madaktari wanauita epidamolisisi bulosa. Mimi namlea mtoto wa marehemu dada yangu anao, kwa hiyo kila jirani ananiletea habari, na wengi wana roho nzuri tu, lakini hapa tunaibiwa.

Dawa yenyewe ipo kweli. Inaitwa Vyjuvek, Marekani waliiruhusu Mei 2023 kwa aina ya distrofiki, ile ambayo mwili unakosa kolajeni 7 inayoshikanisha ngozi ya juu na ya chini. Ndani yake kuna kirusi cha hepesi kilichobadilishwa kisizaane tena, kinabeba jeni nzima, yaani maelekezo ya mwili kutengeneza hiyo kolajeni, mpaka ndani ya kidonda. Sasa kitu kama hicho kinatunzwa kimegandishwa, farmasi ndiyo inakichanganya na jeli, halafu kinadondoshwa kwenye kidonda mara moja kwa wiki, na kichupa kimoja kinapita dolari 20,000. Wewe unauziwa tyubu ya franga elfu kumi imeshinda juani tangu asubuhi, si ujiulize jamani!

Sisi huku tunaishi na vazelini safi, kompresi (vitambaa vya kufunika kidonda) za mafuta zisizogandama na bandaji ya kuzungusha. Lengelenge tunalitoboa na sindano safi maji yatoke, ngozi ya juu tunaiacha palepale. Sparadra, ile plasta ya kunata, HAPANA, ikitoka inatoka na ngozi. Kompresi ikigandama usiivute, loweka na maji ya uvuguvugu mpaka iachie yenyewe, hata ikichukua saa nzima na mtoto analia. Kidonda kikinuka au homa ikipanda, hospitali siku ileile. Na wanaosema amerogwa, au wanaowakataza watoto wao kucheza naye, huu ugonjwa unatoka kwenye jeni, hauambukizi.

Ombi langu kwa wakubwa wa afya: hizo kompresi farmasi nyingi za kartye hazina, ziwekwe kwenye vituo vya afya, na manesi wa materinite wafundishwe, juu mtoto anazaliwa ngozi imeshachunika na bado anabandikwa sparadra.

Mlezi, Bukavu