Mdogo wangu, mbivu unazozingoja

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umemvumilia mwenzako wa kazini miezi minne, umenyamaza, umetabasamu, naye yuko vilevile. Kwa hiyo uvumilivu haulipi. Sikulaumu. Sote tumekua tukiambiwa mvumilivu hula mbivu, ndiyo maana kila tukivumilia jicho liko juu ya mti. Ila naona wewe ulikuwa unamdai mtu deni ambalo yeye mwenyewe hajui kama anadaiwa.

Wabudha wana neno la Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale: khanti, yaani uvumilivu. Katika Theravada, moja ya matawi makuu mawili ya Ubudha, ni ya sita kati ya fadhila kumi za ukamilifu; katika tawi la pili, Mahayana, ni ya tatu kati ya sita. Kilichonivuta ni kwamba khanti haikuahidi kuwa aliyekukera atatubu. Kazi yake ni moyo wako usishike moto, basi.

Kuna kisa Buddha aliwasimulia watawa wake. Huko Savatthi, mji wa kale wa India, paliishi mama mwenye nyumba, Vedehika, aliyesifika mji mzima kwa upole. Mtumishi wake, Kali, alikuwa hodari, kazi zake hazina dosari. Siku moja Kali akajiuliza: bibi huyu hana hasira kweli, au ni kwa kuwa mimi simpi sababu? Akachelewa kuamka. Bibi akakunja uso. Siku ya pili akachelewa zaidi, akapata maneno makali. Ya tatu akazidisha, na yule mpole wa mji akachukua komeo la mlango akampiga nalo kichwani. Kali akatoka damu zikimchuruzika, akawaonyesha majirani: tazameni kazi ya mpole wenu!

Nakiri kisa hiki kilinichoma, maana mimi ndiye Vedehika. Unajua mama siku hizi anasahau. Ananiuliza leo ni siku gani, namjibu vizuri. Ananiuliza tena, namjibu kwa kifupi. Mara ya nne sauti yangu imeshapanda, na yeye anainamisha macho kama mtoto aliyekosa. Watu wa nje wananiita mtu wa subira.

Shantideva, mtawa wa Kibudha wa karne ya 8 katika monasteri ya Nalanda huko India, alisema jambo la ajabu: wa kuwapa sadaka ni wengi, ila wa kukuudhi ni wachache, hivyo adui akitokea ni kama hazina iliyozuka nyumbani mwako bila jasho. Mimi sijafika huko, na sikutumi umshukuru mwenzako. Wala sisemi unyamaze akikuonea. Mwambie wazi, na ikibidi mshitaki kwa mkubwa wenu. Kali naye angekuwa na haki ya kuhama nyumba ile. Ninachokuomba ni uangalie hatua moja tu: ule wakati mkono unapolifuata komeo, kabla haujalishika. Kwangu huanzia tumboni, kisha taya hukaza. Kwako sijui, lakini pana mahali huanzia. Ukishapajua, utakuwa na pumzi moja au mbili za kuamua.

Leo asubuhi mama ameniuliza mara tano. Mara ya tano nilitoka nje kwanza, nikasimama kidogo, nikarudi kumwambia ni Jumanne.

Ndugu yako akupendaye.