Mdogo Wangu, Mlango Ule Sikuufunga kwa Ajili ya Trudeau

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Nakuandikia hadharani kwa sababu wewe ndiye uliyelisema hadharani. Siku ya tatu ya matanga ya Mama, pale barazani Ngamiani, mbele ya wajomba na majirani waliokuja kutufariji, uliulizwa tu kwamba huko Kanada mnaishi vipi, ukajibu kuwa dada yako alikufungia mlango usiku wa baridi kwa sababu ya Trudeau, Waziri Mkuu wa wakati ule. Mimi nilikuwa ukumbini na wanawake wenzangu, dirisha liko wazi, na kila neno nililisikia. Nilinyamaza kwa kumstahi Mama, ambaye jeneza lake lilikuwa limetoka juzi tu katika nyumba ile. Sasa arobaini imepita, nami maneno hayajaniisha.

Nianze kwa kukupa pole upya, maana ile ya msibani uliipokea kwa ncha za vidole. Wewe ndiye uliyekuwa kitinda mimba, na najua kwamba hakuna aliyempoteza Mama kama ulivyompoteza wewe. Uliendesha gari saa nyingi usiku ili uwahi ndege, ukafika ukiwa na nguo ulizotoka nazo kazini, ukaingia kaburini kumpokea bila kusubiri kuambiwa. Nilikuona, nikajivunia kuwa dada yako. Siku mbili baadaye ukaenda ukasema yale.

Tangu mwaka 2025 nimekuwa nikiwaza jinsi mtu mmoja, Pierre Poilievre wa chama cha Conservative, alivyopita mikononi mwetu sote wawili. Tarehe 28 Aprili niliingia kituoni huku katika jimbo la uchaguzi la Carleton nikapewa karatasi ya kura yenye majina 91, ndefu karibu mita moja, imekunjwa mara kadhaa kama kanga iliyo dukani, nikalitafuta jina la Bruce Fanjoy wa chama cha Liberal hadi nikalipata. Poilievre, aliyekuwa mbunge tangu mwaka 2004 na ambaye miezi michache kabla kila mtu alidhani ndiye Waziri Mkuu ajaye, akaanguka. Mbunge wenu wa Battle River–Crowfoot akajiuzulu ili kumpisha, na tarehe 18 Agosti, katika uchaguzi mdogo wenye wagombea zaidi ya 200, hata ikabidi wapiga kura wapewe karatasi tupu waandike jina wenyewe, wewe huko Camrose ukaliandika jina lake kwa mkono wako. Alipata kura nane katika kila kumi. Usiku ule ukanitumia ujumbe: "Mlichokitupa nyinyi, sisi tumekiokota." Ulikuwa ujumbe wako wa kwanza kwangu kwa zaidi ya mwaka mzima, na haukuwa na salamu.

Mimi sikumkataa Poilievre ili nikuudhi wewe, wala simwoni mtu aliyempigia kura kuwa ni adui. Chama chake kilipata zaidi ya asilimia 41 ya kura za nchi nzima, na hao ni watu ninaopanga nao foleni dukani na kuswali nao safu moja. Nilimpa kura mpinzani wake kwa sababu jirani wa kusini, Marekani, alikuwa akitutangaza kuwa jimbo la 51 na kututwisha ushuru, nami niliona kwamba Mark Carney wa Liberal, aliyewahi kuongoza Benki Kuu ya Kanada na kisha ile ya Uingereza, angeiweza kazi ile kuliko mwenzake. Nilikuwa na hoja yangu kama wewe ulivyokuwa na yako. Ila wewe, tangu ulipohamia Alberta, kila hoja yangu unaipeleka kwenye mlango ule.

Basi twende kwenye mlango wenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 5 Februari 2022. Tulikuwa bado tunakaa katikati ya Ottawa, dakika chache kwa miguu kutoka Wellington Street, na malori ya msafara wa waliopinga masharti ya chanjo ya korona yalikuwa yamekwisha maliza wiki nzima mbele ya Bunge. Honi zilipigwa mchana na usiku, kwa kuwa mahakama ilikuja kuzipiga marufuku siku mbili baadaye, na mwanangu mdogo alikuwa akilala na kofia ya sufu imemfunika masikio. Nilijua kwamba umo katika msafara, maana uliweka picha kwenye kundi la ukoo, umesimama juu ya ngazi ya lori, bendera ya Kanada begani, unacheka kama siku uliyopata leseni. Watoto walishangilia kumwona mjomba wao. Mimi nilikuwa nimerudi kazini na kupita katikati ya umati ule ambamo, pamoja na watu wema wengi waliokuwa wakigawa supu, nilikuwa nimeona kwa macho yangu bendera ya wale waliopigana Marekani ili watu weusi waendelee kuwa watumwa. Hukuamini nilipokwambia. Ulisema ni uzushi wa CBC, shirika la utangazaji la taifa.

Saa tatu usiku ukabisha. Nilichungulia kwenye tundu nikakuona umevaa lile koti la bluu tulilolinunua pamoja mwaka uliofika, ndevu zimeshika barafu. Ukasema, "Dada, nifungulie, vidole sivisikii." Nami badala ya kukufungulia nikakuuliza kama umechanja. Ukanyamaza, halafu ukasema taratibu, "Hujaniuliza hata kama nimekula." Nikakwambia urudi kwa watu wako.

Baada ya nusu saa moyo ulinisuta. Nilipakua pilau katika sufuria ndogo ya Mama, ile aliyonipa nilipoondoka Tanga, nikaiweka kizingitini, nikakupigia simu ili nikwambie kwamba chakula kiko nje. Hukupokea. Kesho yake Mama akapiga akiuliza mwenzangu amelala wapi, nikamjibu kwamba umelala kwenye gari. Hakunigombeza. Alikaa kimya muda mrefu, nikisikia muadhini nyuma yake, kisha akaniuliza kama watoto wazima.

Wewe unasema nilifanya hivyo kwa ajili ya Trudeau. Nilifanya hivyo kwa ajili ya bibi mmoja wa ghorofa ya pili aliyekuwa akinishika mkono na kuniita kwa jina la binti yake. Unajua kazi yangu ya kuwatunza wazee. Mwaka 2020, katika wimbi la kwanza, karibu vifo vinne katika kila vitano vya korona nchini Kanada vilitokea katika nyumba za kutunzia wazee, hata jeshi likaitwa kuingia katika nyumba za Ontario na Quebec. Kazini kwetu, katika wiki tatu, nilikunja nguo za wazee tisa nikazitia kwenye mifuko ili jamaa zao waje wazichukulie mlangoni, kwa sababu hawakuruhusiwa kuingia kuwaaga. Ile Januari ya 2022 ugonjwa ulikuwa umerudi tena kwenye ghorofa yetu. Kesho yake alfajiri nilikuwa na zamu. Ningekukumbatia usiku, asubuhi nimlishe bibi yule uji?

Nakubali kwamba Trudeau alikosea alipowaita watu wa msafara kikundi kidogo cha pembezoni chenye maoni yasiyokubalika. Kiongozi hasemi hivyo juu ya raia wake, na neno lile lilileta malori mengine zaidi. Nakubali pia kwamba sheria ya dharura aliyoitumia tarehe 14 Februari, ambayo haikuwahi kutumika tangu ilipotungwa mwaka 1988, ilifika mbali mno ilipofikia kufunga akaunti za watu benki. Tume iliyoongozwa na Jaji Rouleau ilisema mwaka 2023 kwamba serikali ilikuwa na sababu ya kutosha, na Januari 2024 Mahakama ya Shirikisho ikasema kwamba haikuwa nayo. Nilizisoma hukumu zote mbili, na ile ya pili nilikutumia mimi mwenyewe, nikidhani utaona kwamba najaribu. Ukanijibu kwa alama ya dole gumba. Lakini nawe ungekubali kwamba chama kikuu cha wenye malori chenyewe kiliupinga msafara, na kwamba waliokosa usingizi wiki tatu hawakuwa mawaziri. Tulikosa sisi wa mitaa ile, wengi wetu wapangaji na watu wa zamu.

Kuhusu vyombo vya habari, mdogo wangu, hapo ndipo unaponiumiza kuliko siasa zote. Umeshangilia kila Poilievre alipoahidi kuinyima CBC ya Kiingereza fedha za serikali, nawe una haki ya kuona kwamba chombo kinacholipwa na kodi yako hakikusemei. Lakini kumbuka Agosti 2023. Serikali ilikuwa imepitisha sheria ya kuyataka makampuni makubwa ya mtandao yavilipe vyombo vya habari, na Meta, kampuni yenye Facebook, ikajibu kwa kuziondoa habari zote kwenye Facebook na Instagram za Kanada. Katikati ya mwezi huohuo moto wa msitu ukakaribia mji wa Yellowknife, kaskazini, na watu wapatao 20,000 wakaamriwa kuondoka. Ulikuwa umepeleka mzigo huko. Simu yako haikuita. Mkeo alinipigia analia, nikafungua Facebook nikitafuta barabara gani iko wazi, nikakuta kila kiungo cha habari kimezuiwa. Nilikesha nimeweka sikio kwenye matangazo ya CBC ya kaskazini, yakitaja vituo vya mafuta kimoja kimoja kuelekea Alberta, ni kipi kingali na dizeli, nami nikikufuata kwa kidole kwenye ramani hadi alfajiri. Ulipofika High Level ulimpigia mkeo. Mimi niliambiwa na mkeo.

Na kodi ya kaboni iliyowekwa kwenye mafuta, ambayo ulikuwa ukiniuliza kila mara kama naijua bei ya dizeli, nilikuwa naijua. Mimi nilirudishiwa zaidi ya nilichotoa, wewe uliona kila mzigo ukipungua faida, na huyohuyo Carney ninayemtetea aliifuta kwa watumiaji wa kawaida kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Hapo ulinishinda, na nimeliandika hili ili watu walione. Suala la wageni ndilo siwezi kukuachia. Unawezaje wewe, uliyepokewa na nchi hii ukiwa na sanduku moja, kusema kwamba wageni wamezidi? Serikali ya Liberal yenyewe, Oktoba 2024, ilipunguza idadi ya wahamiaji wa kudumu wa mwaka 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000, baada ya kuwa imekwisha weka ukomo wa vibali vya wanafunzi, na mpwa wetu aliyeuza pikipiki yake ili alipe ada ya maombi alinyimwa kibali. Mwaka ule wewe na mawaziri wangu mlikuwa mnasema neno moja, na kijana yuko Tanga anauza vocha. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa haelewi hata kidogo. Alipoonyeshwa video ya Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walitoka Tanzania, akawa meya wa Calgary na sasa anaongoza chama cha NDP cha Alberta, aliuliza kwa nini mwanawe haendi kumsalimia mtu wa kwao.

Nilitaka kukushauri usiwalee watoto wako kwa chuki ya chama. Juzi mwanao wa kati alimwambia mwanangu kwenye simu kwamba shangazi ni mtu wa serikali. Ana miaka tisa. Posho ya watoto inayoingia kwenye akaunti ya mama yake kila mwezi inatoka serikali hiyohiyo, na kama bado ungekuwa na mtoto mchanga, ungeshukuru kwa mpango wa kulea watoto kwa dola kumi kwa siku. Mfundishe kwamba watu wanaweza kupiga kura tofauti wakala sinia moja. Mimi wangu nimewafundisha hivyo. Nimewaambia kila mara kwamba mjomba wao ni mtu mwema, na kwamba usiku ule mama yao hakuwa na njia nyingine.

Hilo la njia nyingine ndilo linaloninyima usingizi tangu matanga. Nilikuwa nayo. Katika droo ya jikoni mlikuwa na vipimo viwili vya haraka vya korona, nilivyopewa kazini. Ungesimama ukumbini dakika kumi na tano na barakoa yako, tungejua. Sikuvisahau, mdogo wangu. Nilivikumbuka nikiwa nimeshika kitasa. Nilikuwa nimechoka kwa honi, nimechoka kwa bendera ile, na nilitaka mtu mmoja katika umati ule ajue uchovu wangu, na aliyekuwa karibu ni wewe. Bibi wa ghorofa ya pili alikuwa sababu ya kweli. Haikuwa yote.

Nimekwambia mbele ya watu kwa sababu barazani pia palikuwa na watu.

Sufuria ninayo bado. Asubuhi ile nilipoiinua kutoka kwenye theluji, pilau ilikuwa imeganda kama jiwe, haijaguswa, ila tundu moja katikati, pale nilipokuwa nimekizamisha kile kiazi kikubwa, maana Mama siku zote kiazi kikubwa alikuwa akikuwekea wewe. Kiazi hakikuwepo. Miaka yote hii umesema kwamba hukukigusa chakula changu, na ni kweli kwamba mtaa ule ulikuwa na wanyama wa usiku wanaofunua hata mapipa ya taka. Lakini kifuniko kilikuwa kimerudishwa juu ya sufuria, kimekaa sawasawa.

Niambie kama ni wewe.

Dada yako,
Ottawa