Umebadilisha spea ya pili na gari bado inachemsha? Simama hapo hapo

Jumamosi iliyopita tulipokea Premio moja hapa gereji Tabata, ile ya injini ya 1NZ, imevutwa kwa kamba toka Buguruni. Mwenye gari ni kijana mtaratibu, anaipenda gari yake, kwenye buti ana jeki yake, boksi la spana, tochi ya kichwani, kila kitu. Pembeni kuna kiroba cha spea kuukuu alizofungua mwenyewe ndani ya miezi miwili. Thamostati (kile kilango kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta), wota pampu, mifuniko miwili ya rejeta. Rejeta yenyewe alishabadilisha pia, alienda kuitafuta Ilala kwa wauza spea wa mtumba. Hela yote hiyo ilikuwa inatafuta jibu la swali moja, kwanini gari inachemsha kwenye foleni.

Ilikuwa feni. Na sio kwamba feni ilikuwa imekufa, ingekuwa imekufa angeiona siku ya kwanza, ilikuwa inazunguka ila kaboni za mota zimelika kwahiyo inazunguka kivivu, upepo wake haupiti vizuri kwenye rejeta, yeye akainama akaona inazunguka akasema feni ipo sawa akahamia kwenye kitu kingine. Mpaka inatufikia ilishachemka kama mara tano. Gasketi ya silinda hedi ikawa imeungua, na hedi ya 1NZ ni aluminiamu, joto likizidi inapinda, ikabidi ishushwe iende kuskimiwa, yaani kukwanguliwa uso mpaka unyooke. Kazi ya mota ya feni ambayo ingeisha asubuhi moja imekuwa kazi ya siku nne na hela ambayo iliniuma hata mimi kumtajia.

Alikaa kwenye benchi pale nje muda mrefu. Alafu akaniuliza, fundi, mimi nilitakiwa nije lini? Ndo hilo swali najibu hapa, maana najua wapo wengi wenye kiroba kama kile kwenye buti.

Kwanza niseme wazi, sisi hatuna shida kabisa na mtu anayejitengenezea gari. Najua kilichowapeleka huko. Umepeleka gari ibadilishwe bushi imerudi na betri ambayo sio yako, au umeambiwa leta spea hii, ukaleta, haikusaidia, ukaambiwa basi leta ile, na kila unayoleta unalipa na ufundi juu. Mtu akiumizwa mara mbili tatu hivyo lazima aseme bora nishike spana mwenyewe, video zipo kwenye simu, spea Kariakoo zipo. Ni haki yake, na gari yake anaijua kuliko mtu yeyote, anaijua mpaka sauti ya mlango.

Na kazi nyingi kweli unaweza. Oili na filta fanya mwenyewe, tena utafanya kwa uangalifu kuliko vijana wengi wa mtaani, ila jua tu 1NZ inakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, usimimine galoni la lita 4 lote eti kwa sababu umeshalilipia, na ile nati ya kumwagia oili usiikaze kwa hasira, ikila nyuzi za sampu utakuja kwetu na gari inavuja. Eakilina, plagi, waipa, taa, kusafisha teminali za betri, hizo zote zako. Hata gari ikianza kumisi kuna kipimo kizuri unafanya ukiwa nyumbani. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ikikupa namba ya kosa P0301 maana yake silinda namba moja haichomi vizuri, hamisha koili ya namba moja weka namba mbili, ya namba mbili ilete namba moja, futa ile namba, tembea kidogo, pima tena. Ikigeuka P0302 basi tatizo limehama na koili, kanunue koili moja, umemaliza, hujatuhitaji. Ikibaki P0301 jua koili haina kosa, angalia plagi, na kama plagi nayo ni nzima basi tunazungumzia noseli au kompresheni, hapo ndo uje.

Umeona tofauti? Hapo juu hukununua kitu mpaka ulipojua. Kwahiyo mpaka ninaowaambia wateja wetu hauhusiani na ugumu wa kazi, maana wapo watu wanashusha giaboksi kwenye uwanja wa nyumba yao na inarudi inatembea. Mpaka ni pale unapoenda dukani kununua kitu kwa sababu ya "labda". Labda moja nakuelewa, hata sisi zinatutokea. Ukishafunga spea ya pili na ugonjwa ni ule ule, simama, usinunue ya tatu, sababu kwanza ulichotumia tayari kimeshazidi gharama ya kupima, na pili kila unachofungua kinafuta alama ambazo zingetuonyesha shida ilipo. Thamostati mpya ya bei chee inaweza kuwa mbovu toka kwenye boksi, sasa tunakuwa na magonjwa mawili na wewe unaapa kwamba thamostati ni mpya.

Turudi kwenye kuchemsha maana kwa Dar hii ndo inaua injini nyingi kuliko kitu chochote ninachokiona hapa. Kabla hujanunua chochote jiulize inachemsha saa ngapi. Ikichemsha kwenye foleni, pale Tazara au Ubungo, alafu ukipata barabara nyeupe ukakimbia mshale unashuka, hiyo ni shida ya hewa, gari ikikimbia upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, kwahiyo angalia feni, relei yake, fyuzi yake, na uchafu uliojaa kati ya kondensa ya ac na rejeta. Washa ac uone feni inaamka kwa nguvu au inajikongoja, na mikono iwe mbali sababu inaweza kuwaka ghafla. Ila ikiwa mjini ipo poa alafu inachemsha unapopandisha mlima au ukiwa na spidi na mzigo, hapo mara nyingi maji hayazunguki vya kutosha, rejeta imeziba kwa ndani, thamostati haifunguki vizuri, au wota pampu mapanga yameliwa. Alafu kuna ya tatu na hii usiicheleweshe hata siku moja: gari imelala usiku kucha, asubuhi unawasha, dakika moja tu hozi ya juu ya rejeta imeshakuwa ngumu kama jiwe au kwenye mdomo wa rejeta mapovu yanakuja mfululizo. Hiyo ni hewa ya mwako inaingia kwenye maji, gasketi imeshaachia. Usiendeshe, tupigie tuje tuivute. Kuna dawa zinauzwa za kumimina kwenye rejeta za kuziba, naomba usiweke, inaziba pasipotakiwa, tutakuja kukuta hita na rejeta vyote vimejaa tope.

Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu, na ile nyekundu ikiwaka joto limeshapita kiasi, hakuna cha "nifike tu hapo mbele". Zima ac, fungua hita mpaka mwisho wa moto hata kama utatoka jasho, sogea pembeni, zima gari. Na mfuniko wa rejeta usiufungue ikiwa ya moto, maji mle ndani yamekandamizwa kwa presha ndo maana yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua tu presha inatoka na yote yanakurukia usoni. Nimeona mkono wa mtu ulioungua hivyo, hausahauliki.

Tena kuna hii tabia ya kutoa thamostati kabisa, mtu anaambiwa Dar kuna joto haina kazi. Ina kazi. Injini ikibaki ya baridi kompyuta inadhani ndo kwanza imeamka, inazidisha mafuta, alafu unalalamika gari inakula wese.

Taa ya injini nayo. Vile vidude vya kuchomeka chini ya usukani vinaongea na simu ni vitu vizuri, kuwa nacho, ila namba inayotoka pale sio orodha ya kununua spea. Mfano P0171, hii tunaiona sana. Watu wanaisoma wanakimbilia kununua oksijeni sensa. P0171 inasema tu kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na anayetoa hiyo taarifa ni hiyo hiyo oksijeni sensa, yaani umemfukuza mlinzi aliyekuamsha kwamba kuna mwizi. Sababu inaweza kuwa hozi ya hewa imepasuka nyuma ya manifoldi, inaweza kuwa sensa ya hewa ile ya baada ya eakilina imeshika vumbi, inaweza kuwa pampu ya mafuta imechoka haileti presha. Hozi unaweza kuikagua mwenyewe. Sensa ya hewa unaweza kuisafisha kwa spirei yake maalum, sio kwa petroli na sio kwa kidole. Ukishafanya hayo mawili na taa imerudi, kinachofuata ni kupima presha ya mafuta na kuangalia fueli trimu (kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani) gari ikiwa sailensi na ikiwa imekanyagwa, na vifaa hivyo sio vya kununua kwa ajili ya gari moja.

Breki nina msimamo mkali zaidi. Pedi unaweza kubadilisha kama umeonyeshwa na mtu vizuri na gari umeiweka kwenye stendi, sio kwenye jeki peke yake, tafadhali. Ila siku pedali inazama taratibu ukiwa umeikanyaga kwenye taa, au inakuwa laini kama sponji, usijaribu kitu nyumbani. Mafuta ya breki yanavuta unyevu toka hewani. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishashika maji inashuka mpaka karibu 140, kwahiyo gari inashika vizuri mtaani siku zote, alafu unaposhuka Kitonga breki zimepata moto, mafuta yanachemka, pedali inaenda chini hamna kitu. Na ukikuta mafuta yamepungua usijazie haidroliki au oili ya stelingi kisa vyote ni vimiminika, mpira wa masta silinda na kalipa unavimba mfumo mzima. Tulishawahi kupokea gari ya hivyo, tulibadilisha mipira yote mpaka ya nyuma, na mwenye gari alimwaga kikombe kimoja tu.

Giaboksi za otomatiki nazo zinauawa kwa nia njema. Mtu anaona oili imekuwa nyeusi, anaenda dukani anaomba "haidroliki ya otomatiki" anapewa ile nyekundu. Kama gari yako ina CVT, yaani otomatiki ya mkanda badala ya gia, na Vitz, Passo na Nissan nyingi zinazo, ile sio oili yake, mkanda wa chuma mle ndani unategemea oili ya aina yake ili usiteleze. Kabla ya kununua soma kijiti cha kupimia oili au kitabu cha gari, na kama hakuna maandishi leta chasi namba tu tukuangalizie, hilo hatukutozi.

Gari za haibridi, Aqua na Prius, zimekuwa nyingi mjini. Waya za rangi ya chungwa usiguse. Betri ya Aqua ni volti 144, ya Prius zinapita 200, na umeme huo hauna mzaha. Kusafisha filta ya feni ya betri pale kwenye siti ya nyuma ni kazi yako na ifanye mara kwa mara maana vumbi letu linaiziba haraka, zaidi ya hapo tuachie. Eabegi pia, na springi za shokapu za mbele, springi iliyobanwa ikichomoka inavunja taya.

Sasa unapokuja, njoo na ukweli wote. Hapa hakuna mtu atakayekucheka. Tuambie ulifungua nini, lini, spea ulinunua wapi, mpya au ya mtumba, na zile za zamani usizitupe, zilete na kiroba chake, yule kijana kiroba chake kilituokolea nusu siku maana tuliiona wota pampu ya zamani ipo nzima kabisa. Ukituficha tutaanza mwanzo na muda huo ni hela yako.

Kupima tunatoza, bei tunakutajia kabla hatujafungua boneti, na ukishapata jibu sio lazima utengenezee hapa. Ukitaka tukuandikie shida ni nini na spea gani inatakiwa na namba yake, ukaende kufunga mwenyewe nyumbani, tunakuandikia. Spea ukileta yako tunafunga, ila ikiwa feki tutakwambia kabla, na ufundi wa kurudia kufunga utalipa. Na ukitaka kusimama pembeni uangalie tunavyofanya, viti vipo, uliza unachotaka, ila ukishika tochi tunakuomba uvae viatu vya kufunika.

Yule wa Premio gari yake imetoka jana. Feni mpya, hedi imeskimiwa, kulanti ya kweli badala ya maji ya bomba. Tumekubaliana arudi baada ya kilomita 1,000 tuangalie usawa wa maji, oili atabadilisha mwenyewe.