Barua kwa Rehema: bibi yako alipozunguka mjini

Mwanangu Rehema,

Asalaam aleikum. Huku wote wazima. Mdogo wako anakusalimu na anaulizia viatu vyake.

Bibi yako bado yupo kwetu Kimara. Macho yamekaa vizuri, alhamdulillahi, na bandeji ilipotolewa tu akasema sasa anataka kuuona mji wa Dar, maana kila akija kutoka Lindi anaishia stendi na hospitali. Jirani akanishauri nimpeleke akapande ngazi za umeme madukani, kisha tukapige picha daraja la Tanzanite. Nikaona hapana. Jumamosi asubuhi tukapanda mwendokasi mpaka Kivukoni. Kijana mmoja alimpisha kiti, akaombewa dua iliyofika mpaka Magomeni.

Tulianzia kanisa la Azania Front, lile jeupe lenye vigae vyekundu. Nikamweleza kwamba Wajerumani walianza kulijenga 1898 wakamaliza 1902, na kwamba Mtakatifu Joseph pale jirani nalo lilikamilika mwaka huohuo. Habari za mnara hazikumshughulisha. Aliuliza, "Mawe alibeba nani?" Swali hilo tulitembea nalo siku nzima.

Boma la Kale ndilo lililomchangamsha. Lilijengwa miaka ya 1860, enzi za Sayyid Majid, kabla Mjerumani hajatia mguu hapa. Maelfu tunalipita kila siku tukiwahi pantoni, wala hatugeuzi shingo. Yeye aliupapasa ukuta akasema, "Hii chokaa ya tanuri." Akanifundisha palepale barabarani: unapanga magogo, juu yake mawe ya matumbawe, unawasha, yanaungua mpaka yalainike, ile chokaa huitumii mbichi, unailaza kwanza. Mwenye duka la jirani alisogea kusikiliza. Mlango wa nakshi ulimfanya acheke, akasema nyumba ya bibi yake ilikuwa na mlango mzuri kuliko huo. Sikubishana.

Kutoka hapo mpaka Sanamu la Askari si mbali, ila kuvuka ile barabara na mtu mzima ni shughuli. Askari ni wa shaba, kawekwa 1927, na singe yake inaelekea bandarini. Nikamsomea bibi yako maandishi ya chini: yanawakumbuka askari Waafrika wa vita vya 1914 mpaka 1918, na wapagazi, wanaoitwa miguu na mikono ya jeshi. Hapo akanishika mkono. Mwanangu, hujawahi kuambiwa, nami ndiyo kwanza nasikia: babu yake alibebeshwa mizigo ya Wajerumani, wakati vita vimefika kwao karibu na Mahiwa, mwaka 1917. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna aliyeleta habari. "Kwa hiyo na yeye yumo humu?" Nikasema ndiyo. Juu kasimama askari peke yake, lakini maneno yanawataja na wapagazi. Akasoma Fatiha palepale, bodaboda zinatupigia honi.

Makumbusho ya Taifa hatukukaa. Magari ya Mwalimu yalimpendeza. Fuvu la Zinjanthropus, lile la kale sana alilolipata Mary Leakey kule Olduvai 1959, alilipita haraka. Anasema marehemu hatazamwi hivyo. Tukamalizia Feri kwa changu wa kukaanga na ndimu, na huko ndiko alikonishinda kabisa, maana alikataa bei mara tatu na muuzaji akaishia kumwita mama.

Sasa lililonifanya nikuandikie badala ya kupiga simu. Kabla ya huyo askari wetu, mji huu ulikuwa na sanamu la Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, yuleyule aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri mpaka Abushiri akanyongwa Pangani 1889. Wissmann alisimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimwangalia kwa kuinua uso. Waingereza walipouteka mji walilichukua, na mwaka 1922 likasimamishwa huko huko uliko, mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi waliliangusha mwaka 1968.

Nilipomsimulia bibi yako alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama yule askari wa chini naye aliangushwa. Nilimwambia nina mtoto hapo hapo, atatuulizia. Basi pita chuoni, muulize mtu wa maktaba au mwalimu wako, utupigie picha ya mahali liliposimama. Basi la Lindi ni Alhamisi ijayo. Ukichelewa utamweleza mwenyewe, mimi maswali yake nimeshindwa.

Vaa soksi nzito.

Baba yako