Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika wakiwa katika dhiki

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaoshika kalamu huku nyumba haijatulia: mliofiwa, mlioachishwa kazi, mnaouguza, mliotoka kifungoni, mnaolala sebuleni kwa watu. Wengi wenu mmeambiwa kwamba dhiki ndiyo inayomzaa mwandishi. Msiikubali kauli hiyo. Dhiki imewafika watu wasiohesabika, na walioandika ni wachache. Anayeweza kuandika akiwa ndani yake ni yule mwenye ufundi wa kushika na kipimo cha kila siku.

Mtazameni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 22, alitiwa mbaroni kwa ajili ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Akafungwa miaka 3 kwa kosa la uchochezi, akatoka 1972. Karatasi aliyoipata humo ni ya chooni. Mwaka 1973 mashairi yale yakatoka kitabuni kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Watu wakisimulia habari hii husimama kwenye karatasi ya chooni. Mimi nataka mtazame kitu kingine: alichokitunga ni mashairi ya vina na mizani, kwa Kimvita, lahaja ya kwao Mombasa.

Hebu hesabuni. Ubeti wa tarbia una mishororo 4. Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16: 8 za ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili. Ubeti mzima ni mizani 64. Kitu kidogo namna hiyo hukaa kichwani bila karatasi. Neno likikuponyoka, kina kinakurudisha: unajua lilikuwa linaishia na -ka, unajua pengo ni la silabi tatu, unalitafuta mpaka unalipata. Nathari, yaani maandishi yasiyo ya ushairi, haina kamba hiyo ya kukuvuta. Kwa hiyo kama huna meza wala faragha, wala daftari lisilochokonolewa na watu, anza na ubeti hata kama nia yako ni riwaya. Tunga mshororo mmoja ukiwa kwenye foleni ya maji, urudie kwa sauti ya chini mara 10, ndipo uingie wa pili. Ubeti 1 kwa siku unatosha. Ukipata dakika chache alfajiri, uandike.

Utenzi ni mwepesi zaidi, maana mshororo wake ni mizani 8 na ubeti mzima 32. Mwana Kupona wa Pate alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake wosia kwa bahari hiyo, yaani aina hiyo ya shairi, karibu mwaka 1858, na wanawake wa pwani waliushika kwa moyo vizazi kadhaa.

Mizani itawasumbua mwanzoni. Kosa la kwanza ni herufi m na n zinapobeba silabi peke yake. "Mtoto" ni mizani 3, "nchi" ni 2, lakini "mbuzi" ni 2 kwa sababu mb hapo haitengani na u. Kosa la pili ni vitenzi virefu. Mtu anaandika "Usiku ninapokumbuka, kalamu hunitulia," kisha anashangaa mbona kipande cha kwanza kinapepesuka. Hesabu kwa vidole: u-si-ku-ni-na-po-ku-mbu-ka. Ni 9. Weka "nikikumbuka" upate 8, na mshororo utakaa sawa. Msikimbilie kukata herufi ili mizani itimie. Jaribuni kwanza kubadili kitenzi, halafu mpangilio wa maneno, na mkato uwe wa mwisho kabisa.

Sasa, nini cha kuandika. Hapa ndipo wengi wenu mnapopotea, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Katika diwani ile ya Abdilatif kuna mnazi unaogombaniwa na ndugu wawili, na kuna mamba anayeambiwa kwamba nguvu zake zina mwisho. Mfungwa aliweka mambo yake katika vinywa na viumbe vingine, na kwa hiyo msomaji asiyewahi kuona jela anaingia. Shaaban Robert naye alipofiwa na mkewe Amina, alimfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua. Chukueni kitu kimoja tu kinachoshikika. Neno "uchungu" likitokea mara ya pili katika ukurasa, lifute uweke kitu mahali pake: kanga iliyobaki msumarini, kikombe ambacho hakuna anayethubutu kukitumia, chupa ya dawa iliyofika nusu. Andika ukubwa wa kitu, rangi yake, kilikuwa upande gani wa chumba, nani alikigusa mara ya mwisho. Mistari 5 inatosha. Majonzi yataonekana yenyewe humo.

Msibani kwenyewe msitunge. Andikeni shajara tu: tarehe, aliyekuja, kilichosemwa, kilichopikwa. Kutunga kungoje arobaini ipite. Anayetunga siku ya tatu huandika hasira, na hasira hutaja majina. Na mkiandika habari za ndugu, kubadili jina hakutoshi, maana mtaa mzima utamtambua. Badilini na kazi yake, mji, na idadi ya watoto.

Kwa wanaoandika nathari, kipimo changu ni maneno 200 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Wiki 50 ni maneno 50,000, nayo ni riwaya. Mkisema mtaandika 1,000 kila siku, mtoto akiugua mara moja ratiba inavunjika na mtu anajiona ameshindwa. Ukikosa siku, usilipe deni. Kesho yake andika 200 zile zile.

Nakala ni jambo la kufa na kupona. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni alipozuiliwa katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Askari wakaichukua kazi hiyo, na ni bahati tu kwamba alirudishiwa. Nyinyi mna simu. Kila Ijumaa pigeni picha kurasa za wiki, mzitume kwenye barua pepe yenu, na nakala nyingine akae nayo mtu mmoja mnayemwamini, asiyeishi nyumba moja nanyi. Simu huuzwa shida ikibana, na nyumba huvuja.

Shida ikibana huuzwa na miswada pia. Mchapishaji akitaka kununua haki zote kwa mkupuo mmoja wa fedha, na kodi ya nyumba imefika, mkono utawawasha kutia saini. Ombeni siku 7. Tafuteni katika mkataba vitu vitatu: mrahaba, yaani fungu lenu katika mauzo, ni asilimia ngapi na ya bei ipi, taarifa ya mauzo inatolewa mara ngapi kwa mwaka, na haki zinarudi lini kwenu kitabu kikiacha kuchapwa. Kimoja kikikosekana, rudisheni mkataba uandikwe upya.

Na mkiona usingizi umekataa wiki 2 mfululizo, au kila mkikaa kuandika mnatamani kufa, wekeni kalamu chini mumwone daktari siku hiyo hiyo, na mwambieni mtu wa nyumbani. Daftari litawangoja.

Nunueni kaunta buku moja, jalada gumu. Andikeni ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto uacheni mtupu, maana baada ya miezi mitatu mtarudi kusahihisha na mtahitaji nafasi.

Mzee wenu