Maumivu si kelele, Bwana Mhariri

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa chuo cha ualimu na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Mlipoweka picha ya mbunge wa watu wengine juu ya jina la mbunge wetu, nilinyamaza. Mlipoihamishia Webuye Kaunti ya Kakamega, nilinyamaza pia, ingawa mzee wangu alitaka tuache kulinunua. Lakini ile makala yenu ya Jumapili kuhusu mashine zenye hisia, ile yenye picha ya roboti lililojishika shavu kama linaumwa na jino, hiyo imenikwama kooni.

Mwandishi wenu anatuambia kwamba wanafalsafa wa nadharia ya uamilifu (Waingereza huiita functionalism) wamethibitisha kuwa maumivu ni yale mtu anayoyaonyesha. Akilia, akikunja uso, akishika panapouma, basi anaumwa. Asipofanya hivyo, haumwi. Na kwa sababu hiyo, mashine ikifundishwa kulia vizuri, nayo inaumwa. Nilirudia kusoma nikidhani macho ndiyo mabovu.

Huo si uamilifu hata kidogo. Aliyoyaeleza ni nadharia ya tabia, iliyovuma kabla yake, na watu wa uamilifu walikuja kuizika. Hilary Putnam, mwanafalsafa Mmarekani ambaye jina lake halimo popote katika makala yenu, mwaka 1963 aliwaza jamii ya watu aliowaita Wasparta wa kupindukia: wamejizoeza kuficha maumivu hadi hakuna anayelia, hakuna anayejikunja, ilhali wanaumia kama mimi na wewe. Kama maumivu ni tabia ya nje tu, aliuliza, hawa tuseme hawana maumivu? Putnam, maskini, ilimbidi awabuni watu hao kichwani. Sisi wa Bungoma hatuna haja ya kubuni. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ifikapo Agosti, vijana wa Kibukusu hupakwa matope mtoni alfajiri, wakarudi nyumbani kwa baba zao, wakasimama wima mbele ya umati huku omukhebi, yaani ngariba, akifanya kazi yake. Anayepepesa macho atasimuliwa hadi wajukuu. Mwandishi wenu angesimama pale uani na daftari lake angeandika: kijana hana maumivu yoyote, uso umetulia.

Sasa uamilifu wenyewe, kwa kuwa hamkuueleza. Mwaka 1956 mwanafalsafa U. T. Place, na mwaka 1959 mwenzake J. J. C. Smart, walidai kwamba hisia ni mambo yanayotendeka ndani ya ubongo, basi. Putnam, katika makala yake ya 1967, akauliza: na pweza je? Ubongo wake haufanani na wetu, lakini nani atakayeapa kwamba haumwi? Jibu lake lilikuwa kwamba maumivu ni hali inayotambulika kwa kazi yake: nini huisababisha, inahusiana vipi na hali nyingine za ndani, na inamsukuma mwenye nayo kufanya nini. Ni kama shilingi mia. Inaweza kuwa noti, ikawa sarafu tano za ishirini, na tangu 2007 ikawa ujumbe wa M-Pesa, na mama mboga haulizi imetengenezwa kwa nini mradi deni linalipika.

Lakini angalia lile la katikati, Mhariri: hali nyingine za ndani. Hilo ndilo mwandishi wenu aliloliruka, na ndilo lenye nadharia yote. Maumivu ya yule kijana hayaendi moja kwa moja kutoka kisuni hadi usoni. Njiani yanakutana na hofu ya kumwaibisha baba, na hamu ya kuitwa mwanamume, na kumbukumbu ya binamu aliyetikisika. Yanayotokea nje ni kusimama wima. Mwanafalsafa mwingine, David Lewis, mwaka 1980 alienda mbali zaidi akawaza mwendawazimu ambaye maumivu humfanya afikirie hesabu na kualisha vidole. Nimefundisha Kidato cha Pili miaka mingi. Mtu huyo hanishangazi.

Utasema nimechukua hasira kubwa kwa kosa la watu wa vitabuni. Basi sikiliza. Mzee wangu alisimama uani kwa baba yake akiwa kijana na tangu siku hiyo hajawahi kusema anaumwa. Mwaka jana usiku mmoja alianza kujikunyata. Asubuhi alimwachia kijana wa jirani amkamulie ng'ombe, jambo ambalo hajalifanya hata siku ya harusi ya binti yetu, na akakataa chai. Nikajua. Nilimpeleka kituo kimoja cha afya, sikitaji. Mapokezi tukakuta binti mwenye karatasi yenye vikatuni sita vya nyuso, kutoka uso unaocheka hadi uso unaolia, akamwambia, mzee, onyesha maumivu yako yako wapi hapa. Mzee mzima, aliyezika ndugu zake bila kutoa sauti, anaambiwa achague katuni! Akatazama, akasema, "Weka moja." Binti akaandika moja. Mimi nikasema, mwanangu, huyu amekataa chai, huyu ameacha ng'ombe wake, mshike mkono uone ulivyo baridi. Akaniambia, "Mama, mgonjwa ndiye anayejua." Tukapelekwa benchi. Wakati huohuo akaletwa kijana aliyeanguka na bodaboda, goti limechubuka, anapiga mayowe hadi kuku wa jirani wakatawanyika, na daktari akamkimbilia yeye. Tulikaa pale hadi jua likahama dirisha. Mzee wangu hakulalamika. Aliniomba tu nimshikie kofia. Kisha akateleza polepole kutoka kwenye benchi hadi sakafuni, na hapo ndipo watu wakakumbuka kukimbia. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Alipasuliwa usiku huo katika hospitali nyingine, na tunamshukuru Mungu yuko hai, anakamua ng'ombe wake, na bado anasema ilikuwa moja. Yule binti hajasoma falsafa, lakini nadharia aliyoitumia ni ileile mliyoichapisha Jumapili mkaipa jina la watu wengine. Mimi nilikuwa nimeyasoma maumivu ya mume wangu kwa mambo ambayo maumivu hayo yaliyasukuma pembeni ndani yake, chai na ng'ombe, na hakuna kisanduku cha kuandikia hayo kwenye fomu yao.

Na kwa kuwa nimeshaanza, kuna hili la simu. Tokeni za umeme zikikataa kuingia siku hizi, unampigia mtu wa huduma kwa wateja unapokelewa na mashine. Inasema, kwa sauti ya asali, kwamba inasikitika sana na inaelewa unavyojisikia. Inaelewa nini? Iko gizani na mimi? Ina maziwa kwenye friji? Mwandishi wenu angesema ndiyo, imesema pole, kwa hiyo imehuzunika. Mtu wa uamilifu angeuliza kwanza ndani kuna nini: hiyo huzuni imesababishwa na nini, imegusana na imani gani, na tamaa gani, imebadilisha nini katika mipango yake? Baada ya kusema pole ilinipigia muziki mpaka salio likaisha. Kama hiyo ni huruma, ni heri tusi la kondakta, maana yeye nikimjibu anakasirika kwelikweli.

Sisemi uamilifu hauna dosari. Mwanafalsafa Ned Block mwaka 1978 aliutia kidole jichoni: tuseme watu wote wa China wanapewa redio, kila mmoja akafanya kazi ya seli moja ya ubongo kwa saa moja, mpangilio ukawa uleule wa mtu anayeumwa. Je, China nzima ndiyo itakayokuwa inaumwa, juu ya wananchi wake mmoja mmoja? Kwa hesabu ya nadharia, ndiyo. Kwa akili ya kawaida, mtu anasitasita, na nadhani kusitasita huko ni haki. Pesa ni kazi yake tu, hakuna kinachobaki; maumivu ukishaorodhesha kazi zake zote, bado kuna ule uchungu wenyewe, na sijaona jedwali lililoushika. Putnam mwenyewe, katika kitabu cha 1988, aliigeuka nadharia yake akaipinga hadharani. Baba wa nadharia anaikana, ninyi huku mnaandika imethibitishwa! Hayo yangetosha kurasa mbili nzuri. Mlikuwa na nafasi: ukurasa wa pili yake mzima mliwapa watabiri wa nyota, nikaambiwa mimi wa Mizani nitapata safari.

Ninachopendekeza ni hiki. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, mtumeni yule mwandishi huku kwetu. Nitamtafutia nafasi ya mbele kwenye nyumba yenye sherehe, pembeni ya wajomba, si nyuma kwa watoto. Aje na ile karatasi ya katuni sita. Omukhebi akiinama, yeye amtazame kijana usoni, achague katuni, aandike namba, kisha asubiri siku tatu aende amuulize kijana faraghani kama namba ni sahihi. Majibu yachapwe ukurasa uleule wa roboti, kwa herufi za ukubwa uleule. Nauli ya matatu ya kuja nitalipa mimi. Ya kurudi ajilipie.

Mwalimu mstaafu,
Webuye, Kaunti ya Bungoma (si Kakamega)