Walimu wazoefu wapangwe kidato cha kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa shule pamoja na walimu wa taaluma, kabla ratiba ya mwaka ujao haijabandikwa ukutani. Ombi langu ni moja: walimu wazoefu wapangwe kidato cha kwanza na cha pili. Sisemi vidato vya mtihani vitelekezwe. Nasema mwanafunzi anayefeli mtihani wa mwisho huwa ameanza kuachwa nyuma tangu miezi yake ya mwanzo sekondari, na dalili zote zilikuwa wazi kwenye daftari lake.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nimefundisha vidato vyote, na sasa niko kidato cha kwanza kwa kuomba mwenyewe. Baadhi ya wenzangu walidhani nimeadhibiwa, na siwalaumu, maana ndivyo tulivyozoea. Mwalimu mgeni kazini, ambaye bado anajifunza hata kulituliza darasa, anakabidhiwa wale wadogo; mwenye uzoefu anapewa watahiniwa kwa sababu matokeo yao ndiyo yanayotangazwa. Mwalimu mgeni hana kosa hapo. Lakini kugundua kwa nini mtoto haelewi ni kazi ngumu kuliko kumfundisha anayeelewa. Inataka mtu aliyesahihisha kosa la aina moja kwa watoto wengi mpaka akalijua lilikotoka.

Nitoe mfano. Ninaye mwanafunzi mmoja, msichana, daftari lake safi na mwandiko wa kupendeza. Hakosi kipindi. Ila kila zoezi la milinganyo yenye sehemu (kama nusu na theluthi) alikuwa akikosa, na ripoti yake ya muhula ilikuwa imeandikwa "aongeze bidii". Nilimwita mezani nikampa swali hili: x/2 + x/3 = 10. Akaandika 2x/5 = 10, akaendelea hatua kwa hatua mpaka akapata 25. Jibu ni 12. Anayesahihisha kwa haraka atapiga mkasi na kuhitimisha kwamba mtoto huyu hajui milinganyo. Kumbe anaijua. Alizidisha pande zote mbili kwa 5, akagawanya kwa 2, sawasawa kabisa na alivyofundishwa. Pale mwanzo tu ndipo alipoharibikiwa, alipojumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini).

Nikamuuliza, nusu ukijumlisha na theluthi unapata ngapi? "Mbili ya tano, Mwalimu." Nikamwambia achore mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja aoneshe nusu, mwingine aoneshe mbili ya tano. Akachora, akaitazama, kisha akasema, "Mwalimu, mbona imepungua?" Alikuwa ameanza na nusu, akaongeza theluthi, akabaki na kitu kidogo kuliko nusu. Hapo ndipo tulipoanza kazi ya kweli, na kazi yenyewe haikuwa ya kidato cha kwanza hata kidogo. Ilikuwa ya shule ya msingi: kwa nini asili zilinganishwe kwanza, na kigawe kidogo cha shirika kinatafutwa ili kifanye nini.

Bidii ambayo ripoti ilimtaka aongeze alikuwa nayo tayari. Angeiongeza, angekosea vilevile kwa maswali mengi zaidi.

Hili si la mwanafunzi wangu peke yake. Mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa Marekani na Uingereza waliofuatiliwa tangu shule ya msingi hadi sekondari. Waliona kwamba uelewa wa sehemu na wa kugawanya aliokuwa nao mtoto akiwa na umri wa miaka kumi hivi uliashiria jinsi atakavyofanya katika aljebra na hisabati kwa jumla miaka mitano au sita baadaye, hata baada ya kuzingatia uwezo wa akili wa mtoto, na elimu na kipato cha wazazi wake. Sasa tazama tunachokifanya mtoto huyo anapofika kwetu. Tunamwekea masomo ya ziada. Na masomo ya ziada, katika shule nyingi ninazozifahamu, ni mada ileile ya asubuhi inayorudiwa jioni, kwa darasa zima, kwa kasi kubwa zaidi. Mtoto asiyejua sehemu anakalishwa saa nzima nyingine ya milinganyo, wakati ana njaa na usingizi. Ningekuwa mzazi ningeuliza: mtoto wangu amekosa nini hasa, na ni nani anayemfundisha hicho alichokikosa?

India kuna taasisi iitwayo Pratham ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwapanga watoto wa shule za msingi, kwa sehemu ya siku, kulingana na wanachoweza kusoma na kukokotoa, bila kujali darasa waliloandikishwa. Anayejua herufi tu anakaa na wenzake wa herufi. Anayesoma aya anakaa na wa aya. Anapofaulu anahama. Mpango huo umepimwa kwa majaribio kadhaa, mengine yakifanywa na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na watoto walipiga hatua pale ulipotekelezwa kwa uaminifu. Sioni sababu ya wazo hilo kuishia shule ya msingi. Mimi nawapanga wangu hivyohivyo kwa nusu saa: kundi la sehemu, kundi la namba hasi, kundi la kugawanya. Hakuna kundi linaloitwa la wajinga, wala hakuna anayekaa kundi moja mwaka mzima.

Kusoma ni suala lingine, na nadhani ndilo linalotuumiza zaidi, kwa kuwa mwalimu wa sekondari hakufunzwa kufundisha kusoma na anaamini kazi hiyo ilishamalizika huko nyuma. Tulikuwa na mvulana aliyejulikana kwa utukutu. Kila zamu ya kusoma kwa sauti ilipomkaribia alianzisha vurugu, akatolewa nje. Hakuna aliyekuwa ameketi naye faragha, akamfungulia ukurasa mmoja na kumsikiliza. Alipofanyiwa hivyo ilionekana kwamba anasoma neno mojamoja, kwa kukokota, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kumtoka. Nje kwake palikuwa nafuu kuliko kuaibika mbele ya wenzake. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliueleza uelewa wa kusoma kama zao la vitu viwili, kutambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Kwa kuwa ni kuzidisha, kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri. Basi kabla hatujasema mtoto hapendi historia au baiolojia, tumsikilize akisoma. Na kabla ya hapo tuhakikishe anaona ubao na anasikia akiwa amekaa nyuma. Wapo wanaofeli kwa sababu hiyo tu.

Kuna jambo jingine linalowapata wanaoingia sekondari. Shule ya msingi walikuwa na mwalimu mmoja au wawili wanaowajua kwa undani. Huku wanakuta walimu wengi, kila mmoja na somo lake, na kila mmoja anamwona mtoto kwa vipindi vichache kwa wiki. Mimi naona alama mbaya ya hisabati. Mwenzangu anaona ya fizikia. Mwalimu wa darasa anaona amekosa shule Jumatatu. Hakuna anayeviweka vyote kwenye karatasi moja. Mwaka 2005 watafiti Elaine Allensworth na John Easton walionesha kwamba katika shule za sekondari za Chicago, Marekani, wanafunzi waliomaliza mwaka wa kwanza wakiwa hawajarudi nyuma katika masomo ya msingi walikuwa na nafasi ya kuhitimu kwa wakati mara tatu na nusu zaidi ya waliorudi nyuma. Kazi yao iliyofuata ilionesha kwamba mahudhurio ya mwaka huo yalieleza vizuri zaidi ni nani atakayefeli somo kuliko alama alizotoka nazo shule ya chini. Walimu wa huko wakaanza kufuatilia majina mapema, mtoto mmoja mmoja, badala ya kungoja muhula uishe. Karatasi ya namna hiyo haihitaji kompyuta. Inahitaji walimu wa kidato kimoja kuketi pamoja kila baada ya wiki mbili na kuulizana: fulani ana nini?

Najua nitakachojibiwa: silabasi ni ndefu, madarasa yamejaa, walimu hatutoshi. Yote ni kweli, na yananihusu mimi pia. Lakini jaribio la ukurasa mmoja katika wiki mbili za mwanzo halimalizi muda wa silabasi ya mtu. Langu lina kutoa kwa kukopa, kuzidisha tarakimu mbili kwa mbili, kugawanya kwa njia ndefu, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, namba hasi chache, na fumbo moja la maneno ili nijue kama anasoma akaelewa. Siliwekei alama. Silisomi kwa sauti darasani. Na hapa niseme wazi kwamba ile desturi ya kutangaza nafasi za mtihani mbele ya shule nzima, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, naichukia. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akishasikia jina lake likichekwa paredi, hatakuja tena mezani kwangu kuniambia hajaelewa, na mimi bila kauli yake hiyo sina pa kuanzia.

Kwa hiyo, walimu wa taaluma, mnapopanga ratiba, kila mkondo wa kidato cha kwanza upate angalau mwalimu mmoja mzoefu wa hisabati na mmoja mzoefu wa lugha. Nusu saa ya makundi iwe asubuhi, akili zikiwa bado hazijachoka, na iandikwe kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote ili asiwepo wa kuichukua. Mwalimu mgeni akae humo na mzoefu, asahihishe naye, amwone anavyomuuliza mtoto amepataje jibu lake, lililo sahihi na lisilo sahihi. Na wakaguzi wakifika shuleni, pamoja na kuuliza matokeo ya watahiniwa, waombe kuona lile jaribio la wiki ya pili, kisha waulize waliokosa walifanyiwa nini baada ya hapo.

Mwalimu wa hisabati, kidato cha kwanza